Kompyuta Ndani ya Gunia la Chai

Kompyuta ya Nelvine ilikuwa inachukua dakika tisa kuamka. Kwanza inapiga mluzi, halafu inakohoa, halafu inanyamaza kabisa mpaka unafikiria imeenda kwa Mungu, kisha feni inashika moto na kunguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Nelvine mwenyewe alikuwa anatumia hizo dakika kukamua ng'ombe wa mama yake. Akirudi na ndoo, kioo kimewaka, na yeye ni prodyusa tena.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mama, hapo chini ya Kapkatet, kuta zote zimebandikwa trei za mayai. Kwa miaka mitano kila mtu aliyetaka kuimba harusini, kanisani ama kwa kampeni alipitia hapo.

Halafu Ojwang' akanunua tableti.

Huyu Ojwang' alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa, lakini Kikipsigis chake kilikuwa safi kuliko cha Nelvine, kitu ambacho Nelvine hakuwahi kumsamehe. Tableti yake aliibeba ndani ya karatasi ya mkate kwa sababu ya mvua. Alikuwa anarekodi watu wakiwa katikati ya mistari ya chai, wakiwa juu ya bodaboda, na mara moja akarekodi mzee mmoja akiwa kwa kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Mwaka haukuisha kabla hajamchukulia Nelvine waimbaji wote, mmoja baada ya mwingine. Wakikutana sokoni Litein, Ojwang' anamwuliza kama ile friji yake bado inaimba. Nelvine anamwuliza kama ile sahani yake ameshaiosha.

Kwaya ya wakulima wa chai peke yake ndiyo ilikuwa imebaki bila mwenyewe. Na ikienda kwa Ojwang', basi studio imekwisha. Mama yake Nelvine alikuwa ameshaanza kuuliza kwa upole kile chumba kinaweza kuingia magunia mangapi ya mbolea.

Sasa hii kwaya haikuanzia kanisani. Ilianzia kwa bayingi, kile kibanda ambapo wakulima wanapeleka majani ya chai yakapimwe. Lori la kiwanda linasemekana kufika saa nane na linafika saa kumi na moja, kwa hivyo watu walikuwa wanaimba ndio wasigombane. Sasa walikuwa arobaini, na sauti zote nne. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa Mama Rodah, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa bayingi, na yeye hakuona kama hizo ni kazi mbili. Kwaya ilipoamua kurekodi, akatangaza kwamba mashine zote mbili ziletwe Alhamisi, zikaguliwe, zipimwe, na ile itakayofanya vizuri ichukue kazi. Mtu akauliza zitapimwa namna gani. Mama Rodah akamwangalia kama mtu aliyeuliza mvua inatoka upande gani. Kuna mizani hapo.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu kwenye hicho kibanda alikuwa amepimwa maisha yake yote kwa hiyo mizani.

Nelvine alileta kompyuta kwa wilbaro: lile sanduku lenyewe, kioo, kibodi, spika mbili na waya za kutosha kufunga fahali. Karani wa bayingi, Nicholas, alisema mizani ni ya kuning'iniza, kwa hivyo lazima kitu kiingie kwa gunia. Na mizani ni ya kisasa, haiwaki mpaka uweke namba ya mkulima. Nelvine akatoa namba ya mama yake. Wakaingiza kompyuta kwa gunia, na Mama Rodah, ambaye ni mtu wa huruma, akatupia majani mabichi juu kidogo kioo kisikwaruzwe. Mizani ikasoma kilo ishirini na saba. Sauti ya pili na ya tatu wakapiga makofi.

Ya Ojwang' ikaingia kwa gunia lake. Mizani ikaandika sifuri. Nicholas akaigonga kidogo. Sifuri.

"Ongeza majani, weri, kijana wangu," akamwambia.

Ojwang' akatoa tableti kwa gunia, akaomba dakika ishirini. Akasema hajaleta vifaa vyake vyote, viko kwa duka la juu alikoviacha. Nelvine akajua huyo anaenda kutafuta mawe, akamfuata nyuma nyuma. Na ni kweli, alimkuta akijaribu kuingiza betri ya trekta ndani ya kava ya tableti. Walibishana hapo mpaka mwenye duka akawafukuza wote wawili. Waliporudi, bayingi ilikuwa tupu. Lori lilikuwa limekuja mapema, mara ya kwanza tangu waweke lami, na wapakiaji hawana maneno mengi: gunia likiwa limepimwa na liko na namba, linapanda.

Nicholas alikuwa anafagia. Aliwaambia wasiwe na wasiwasi, kila kitu kimeenda salama.

Walifika kiwandani wakiwa wamepanda bodaboda moja, tableti katikati yao ikiwa ndani ya karatasi ya mkate, na wilbaro ikiwa imefungwa nyuma gurudumu juu. Hapakuwa na mtu wa kushangaa. Mlinzi aliwaelekeza ghorofani, kwenye vitanda vya kunyausha majani. Ni vitanda virefu vya wavu, majani yanatandazwa, na chini feni kubwa inapuliza hewa ya moto. Katikati ya kitanda cha nne, kwenye majani ya Kapkatet, kompyuta ya Nelvine ilikuwa imelazwa kwa ubavu. Kibodi ilikuwa imetandazwa kando yake. Waya zote zilikuwa zimefumuliwa moja moja zisirundikane, na panya ya kompyuta ilikuwa imelala chali. Mtu alikuwa ameifanya hiyo kazi kwa roho safi kabisa.

Nelvine akanyoosha mkono kuichukua, na mkono mwingine ukamzuia. Ilikuwa Madam Caren, msimamizi wa ubora, koti jeupe, kalamu tatu mfukoni.

Madam Caren alisikiliza hadithi yote bila kukatiza. Akasema anaelewa. Akasema hata yeye ana macho, anaona hii ni kompyuta. Lakini imeingia na namba, imeingia na kilo, na kitu kikishaingia kiwandani kama chai kinatoka kama chai. Njia nyingine ni moja tu, kikataliwe kwa sababu ya ubora mbaya. Hapo mkulima anajaza fomu, anakubali mwenyewe kwamba majani yake ni mabaya, anabeba gunia lake anaenda.

"Kwa hivyo sema tu ni mbaya," Ojwang' akamnong'oneza. "Mimi nimekuwa nikisema miaka miwili."

Nelvine alishika kalamu. Hii mashine alikuwa ameinunua kwa kuchuma majani likizo nne mfululizo. Aliimeza hiyo aibu, akasema mashine ni nzito. Madam Caren akaandika: uzito mzuri. Nelvine akasema inachelewa sana kupata moto. Madam akasema jani linalokataa kupata moto njiani ndilo jani zuri, yale ya Sotik yanafika yakiwa yameungua. Nelvine, jasho sasa linamtoka, akasema ni ya zamani. Madam akauliza ina miaka mingapi. Kumi na moja. Kichaka cha miaka kumi na moja, akasema Madam, ndio kwanza kimeanza kazi.

Wakati huo Mama Rodah naye akafika, kitambaa kichwani kimekaa upande kwa sababu ya upepo wa bodaboda. Gunia likikataliwa, aibu ni ya bayingi nzima, na yeye hakuwa tayari kukaa nyumbani angoje kuaibishwa kwa simu.

Madam Caren akasema basi, mkulima akishindwa kutaja ubaya, sheria inaruhusu shahidi. Wote wakamgeukia Ojwang'.

Hii ndiyo siku aliyokuwa ameingoja. Alikuwa na hotuba. Nelvine aliisikia mara nyingi sokoni, angeweza hata kumsaidia pale anaposahau: friji, jeneza, ng'ombe mgonjwa. Ojwang' akakohoa, akaangalia kompyuta imelala kwa majani, ile hewa ya moto inapeperusha vumbi lake la miaka, na uso wake ukabadilika.

"Hii yangu nikiweka sauti nane inaanza kupika," akasema. "Ya tisa inajizima. Ule wimbo wa Beverly, ule kila bodaboda inapiga, nilikwama nao wiki mbili. Nikampelekea Nelvine akaumaliza kwa hiyo mashine siku moja, halafu nikaambia watu ni tableti."

"Mimi nilijua," akasema Mama Rodah. "Ule wimbo ulikuwa na kilo."

Ojwang' akaendelea. Sasa hakuna aliyeweza kumzuia. Alisema tableti ni nzuri ya kumshika mtu wimbo ukiwa bado moto mdomoni, pale kwa shamba, kabla asahau. Lakini kidole ni kinene, kamba ya sauti kwa kioo ni nyembamba, ukitaka kukata pumzi ya mtu unakata na neno. Na tundu la kuchomeka waya ni moja tu, ukichomeka maiki huwezi kuchaji. Sauti arobaini atazitoa wapi.

Mama Rodah alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole. Ukaguzi wa kiwanda ndio ukaguzi pekee aliouamini duniani, na huu ulikuwa umefanyika mbele yake. Akamgeukia Nelvine, akasema kazi ni yake. Kwaya itakuja Jumamosi. Nelvine hakupata hata nafasi ya kufurahi, kwa sababu Mama Rodah aliongeza kitu kingine.

"Lakini mwanangu, ukitia hiyo sahihi, mimi nitawaambia nini watu? Siwezi kupeleka watu arobaini waimbie kitu kilichokataliwa kiwandani."

Kwa hivyo akitia sahihi, anapata kompyuta na anakosa kwaya. Asipotia, anapata kwaya na kompyuta inakaushwa, inakatwa, inapakiwa. Nelvine alikaa chini kwa sakafu, pale pale kwenye majani yaliyomwagika. Feni ilikuwa inapuliza. Wafanyakazi walianza kugeuza kitanda cha tatu, na baada ya cha tatu ni cha nne.

Ojwang' aliangalia kitanda. Aliangalia karatasi yake ya mkate. Kisha akauliza kwa adabu, kama mwanafunzi, majani yakishanyauka na kukauka huwa yanapungua namna gani.

Madam akamwambia yanapungua sana. Yanakuwa madogo, meusi, mepesi.

Ojwang' akatoa tableti kutoka kwa karatasi ya mkate. Ndogo, nyeusi, nyepesi. Akaiweka kwa kitanda, taratibu, juu ya ile karatasi yenye namba ya mama yake Nelvine.

"Hii ndiyo imetoka," akasema. "Imekauka vizuri."

Madam Caren akaiinua, akaigeuza, akainusa. Nelvine alisimama bila kujijua. Madam akasema kuna shida, kilo ishirini na saba zinafaa kutoa karibu kilo sita, na hii haifiki hata nusu kilo.

"Feni ya hapa iko na nguvu, Madam," akasema Ojwang'.

Sasa Ojwang' hakujua, lakini Madam Caren alikuwa amepigania hiyo feni miaka miwili. Aliandika barua kumi na moja. Wakubwa walikuwa wanamwambia ile ya zamani inatosha. Akaishika tableti mkononi muda mrefu, akaiangalia kama matokeo ya mtihani ya mtoto wake. Halafu akachukua fomu nyingine akaandika kwamba majani ya namba ile yamepokelewa, yamenyaushwa na yamekauka, kiwango cha kwanza.

Nelvine akauliza, na kompyuta je. Madam akaangalia kitanda, akaangalia karatasi zake. Akasema haoni kompyuta yoyote kwenye karatasi.

Waliipakia kwa wilbaro, Nelvine, Ojwang' na Mama Rodah, waya zikiburuta nyuma. Ilikuwa nyepesi kidogo, maana feni ilikuwa imetoa vumbi lote, pamoja na mjusi mmoja mkavu ambaye Nelvine alikuwa hamjui. Pale getini mlinzi alisimamisha wilbaro akauliza kama kuna chai. Nelvine akasema hakuna. Mlinzi akafungua. Kazi yake ilikuwa chai.

Mama Rodah alikuwa ameshashika njia, anapanga kwa sauti nani atasimama wapi Jumamosi, sauti ya nne wakae nje kwa sababu ni wanene. Nelvine alisukuma hatua kumi hivi, kisha akaona anasukuma peke yake. Ojwang' alikuwa amebaki nyuma, ameketi kwa ngazi ya jengo dogo jeupe kando ya geti, mikono katikati ya magoti, na ile karatasi ya mkate, tupu.

Akarudi. Akamwuliza anangoja nini.

Ojwang' akasema kitu cha kiwango cha kwanza hakitoki hivi hivi, Madam ameipeleka tableti ndani kwa waonjaji wa chai. Wakimaliza wataiuza kwa duka la kiwanda na mkulima ana haki ya kuinunua wa kwanza. Alisema hivyo kama hana shida. Lakini ile karatasi ya mkate alikuwa anaikunja na kuikunjua.

Nelvine akaketi kando yake. Kutoka barabarani Mama Rodah akawaita, akasema watu wanangoja habari. Nelvine akamjibu kwa sauti kwamba wataendelea kungoja, kwa sababu wale wanene wa nje watarekodiwa na Ojwang', na Ojwang' hawezi kuwarekodi na karatasi ya mkate. Ojwang' alisogea kidogo, ngazi ikawatosha.

Mlango ulifunguliwa. Mzee mmoja wa koti jeupe alitokeza kichwa, midomo bado inafanya kazi, kijiko mkononi. Akauliza nani mwenye ile ya Kapkatet.

"Ni kali," akawaambia. "Iko sawa. Inataka tu maziwa."

Na nyuma yake waliona tableti juu ya meza, na mwingine ameshainua jagi la maziwa.

Nelvine hata hakuangalia wilbaro. Aliiacha hapo kwenye mteremko, na kompyuta yake yote ndani, akamtangulia Ojwang' mlangoni.