Birika la Wasiolala

Haya nimeyasikia kwa mjukuu wangu, yule wa binti yangu mkubwa, Jumapili hii iliyopita alipokuja nimsuke. Alikaa chini, kichwa akakiegemeza magotini kwangu, nikaanza kuchambua nywele. Zilikuwa zimevurugika kama kiota, maana siku nyingi hakuwa na nafasi ya kujitazama. Nikamwambia, haya, simulia, mikono yangu ina kazi lakini masikio yamekaa bure.

Mjukuu huyu ni mtafiti. Anachunguza majani ambayo sisi tumeyanywa tangu utotoni, aone yapi yanatibu kweli na yapi tunajifariji nayo tu. Muda mrefu alikuwa na jani moja, lile ambalo watu huchemsha mtu akikosa usingizi. Amelikausha, amelisaga, amelichuja, mpaka harufu yake ikaingia kwenye mashuka. Mumewe husema yeye hakuoa mke, ameoa kichaka.

Mkuu wake pale maabara ni mzee mwembamba ambaye vijana wamempachika jina la Ushahidi, kwa sababu ukimwambia nje kunanyesha atakuuliza ushahidi uko wapi, na huku mwavuli wake mwenyewe unachuruzika. Huyo alimwambia mjukuu wangu waziwazi kwamba sasa jani lijaribiwe kwa watu. Likionyesha kitu, kazi itaendelea. Lisipoonyesha, chumba chake watapewa wale wanaochunguza sabuni.

Basi wakatafutwa wanawake wasiopata usingizi, watu wazima, wengi wao wastaafu. Kila jioni walikuja kulala kwenye chumba kirefu cha kituo, vitanda vimepangwa safu mbili, na kila mmoja kafungwa mkononi kitu kama saa, chenye kujua amelala lini na amegeuka lini. Kabla ya kupanda kitandani kila mmoja alipewa chupa yake ya chai yenye jina lake. Nusu ya chupa zilikuwa na lile jani. Nusu nyingine zilikuwa na maji ya rangi ileile na uchungu uleule, lakini jani hata chembe. Nani kapata nini, alijua mfamasia peke yake, na mfamasia yule ni mtu ambaye hata mkewe hajui kama anapenda sukari. Nikamwuliza mjukuu wangu, sasa watu wazima kufichana hivyo ni kwa nini? Akasema mtu akijua amepewa dawa, hulala kwa furaha tu ya kupewa. Nikaona anasema kweli. Mama yake alikuwa akiiona sindano tu, homa inashuka.

Yote hayo aliwaeleza wale wanawake tangu siku ya kwanza, peupe, nao wakakubali. Kosa liliingilia hapo, maana walimwelewa kuliko alivyotaka.

Siku ya matokeo mfamasia akafunua siri yake. Wenye jani walikuwa wamelala vizuri. Wenye maji nao walikuwa wamelala vizuri, vilevile kabisa. Mizani haikuinama huku wala kule. Ushahidi alivua miwani, akaifuta taratibu, akamwambia pole, jani lako ni maji ya moto mazuri.

Mjukuu wangu akajikaza, akaenda kuwaaga wale wanawake. Aliwakuta wakikunja mashuka. Mkubwa wao alikuwa fundi cherehani, mnene, sauti yake inafika barabarani, na wenzake walimwita Kamanda. Alipomwona akamwuliza, "Mwanangu, mbona uso umekunjamana kama shati halijapigwa pasi? Si tumelala wote?"

"Mmelala, mama. Shida ndiyo hiyo."

"Shida gani tena? Tumehakikisha hakuna aliyeachwa."

Mjukuu wangu akauliza walihakikishaje. Kamanda akainama, akavuta kutoka chini ya kitanda birika kubwa la bati, la kutosha watu wa msiba na wa harusi kwa pamoja. Kumbe kila jioni muuguzi akishageuza kisogo, chupa zote zilimiminwa humo, zikakorogwa, kila mtu akapata kikombe chake. Mwenye kitanda cha pembeni akaona bora aseme mapema kwamba mkorogaji alikuwa yeye.

"Sasa mimi nikorome," Kamanda akasema, "na jirani yangu akodolee dari mpaka kukuche, kwa sababu yeye kaangukia chupa ya maji? Huo utakuwa utu wa wapi?"

Mjukuu wangu alikaa kitandani akacheka mpaka akashika mbavu, akalia kidogo, akacheka tena. Kisha akalibeba lile birika hadi kwa Ushahidi. Mzee akalifunua, akachungulia ule utando wa chai uliogandia ndani, akanusa. Mwisho akasema, "Basi jaribio lako halijashindwa. Halijafanyika." Akampa nafasi nyingine, moja tu.

Ushahidi alitaka safari hii muuguzi asimame mlangoni kama askari. Mjukuu wangu akakataa. Alisema ukimzuia mtu kugawa, atagawa kwa kujificha, na hapo hutajua kitu. Lakini dawa ya jambo hilo hakuwa nayo. Usingizi ukampaa yeye sasa, yeye mwenye jani la usingizi. Wazo likaja asubuhi moja nyumbani kwake, watoto wakigombania kiti cha karibu na dirisha. Mumewe, bila hata kuinua macho kwenye kikombe, akasema leo wewe, kesho mwenzako. Kelele zikaisha.

Akawaita wanawake wake. Akawaambia kwamba sasa kila mmoja atapata vyote viwili. Wengine wataanza na jani, wapumzike, kisha wanywe maji. Wengine wataanza na maji. Nani ameanza na nini, mfamasia atakaa nalo moyoni. "Hakuna atakayekosa," akasema. "Ila mkichanganya, mtakuwa mmeninyima mimi."

Kamanda akatafakari. "Kwa hiyo ni zamu."

"Ni zamu, mama."

"Ungesema tangu mwanzo. Zamu tunaijua."

Akaliacha birika kwa mfamasia kwa hiari yake, juu ya kabati, limefunikwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe ili lisione upweke. Baadaye alikiri kwamba zilikuwapo siku jirani yake aligaagaa kama samaki kwenye kikaango, na yeye akaukalia mkono wake usiende kwenye chupa.

Mfamasia alipofunua mara ya pili, mizani iliinama. Walipokunywa jani, wengi walipata usingizi mapema, wakaamka mara chache. Si muujiza. Wapo ambao halikuwafaa kitu, na yuko mmoja aliyelala vizuri zaidi kwa maji ya rangi, na hataki kuambiwa. Lakini jani limesimama. Ushahidi alisoma, akarudia, akatafuta pa kuulizia ushahidi hakupaona. Akasema tu, "Watu wa sabuni watafutiwe chumba kingine."

Ndipo birika likateremshwa, likapikiwa chai ya kawaida yenye sukari ya kutosha, na Ushahidi naye akapewa kikombe. Kamanda akamwambia kunywa, mzee, hiki hakina siri.

Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia. Nikamwuliza mjukuu wangu, na wewe hilo jani mbona hukunywa, ukalala?

"Nikilionja nitalipenda, bibi," akasema polepole. "Na nikilipenda, sitaliona sawasawa."

Nikapaka mafuta kidogo, nikachana njia mpya juu ya sikio, nikamwuliza upande huu niendelee na nyembamba au ninenepeshe kidogo tumalize haraka. Hakujibu. Nikauliza tena. Kichwa kilikuwa kimenilemea magotini, mdomo wazi kidogo, mkono umeshika ncha ya kanga yangu kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama kama kile kichaka anachosema mumewe. Kitana nikakiacha palepale kilipokwama, nisimwamshe.