Boriti ya Bibi Masue

Kamba zilikuwa zimeshaachiwa na chelezo kimeshashika mkondo pale Toyono alipokunja suruali yake ya shambani mpaka magotini, akaingia majini na kupanda nyuma, juu ya magodoro yake mwenyewe. Mzee Kameji, kiongozi wetu, hakugeuza kichwa. Alisema tu kwamba katika mto Tenryu mwanamke hapandi chelezo, kwa sababu mungu wa mlima ni mwanamke na ana wivu.

"Akiniona nilivyochakaa atanihurumia," Toyono akasema. "Endesha, mzee."

Nilikuwa kwenye kasia la nyuma, nikaendelea kusukuma. Nilishafanya kazi ya magogo katika mito mingine kabla ya huo, na nilijua wakati wa kunyamaza.

Chelezo chenyewe kilikuwa nyumba. Nguzo zote za nyumba ya Toyono tulizifunga pamoja kwa fito zilizosokotwa kama kamba, na katikati tukailaza boriti ya mgongo wa paa, ndefu kuliko nguzo mbili zikiunganishwa, nyeusi tii kwa masizi ya meko ya vizazi. Bonde letu lilikuwa linakwenda kuzama. Kule chini kwenye korongo walishaanza kulipua miamba ili wazibe mto na kupata umeme. Watu walikuwa wakihamia Kakezuka, kwenye tambarare, pale mto unapoingia baharini, na mume wa Toyono alishatangulia kupanga mawe ya msingi.

Aliyegoma ni mama mkwe wa Toyono, Bibi Masue. Nyumba ilibomolewa akiwa amekaa kwenye kibanda cha jikoni, na hapo ndipo alipobaki, anachochea moto wake. Alisema atahama siku atakayosikia kwa mdomo wa mtu wa mtoni kwamba boriti imefika nzima. Dereva wa lori alikuja, akatazama boriti, akafikiria kona za barabara, akasema lazima ikatwe katikati.

"Ikate," Bibi Masue alimwambia. "Mimi nitabaki hapa. Samaki watanizoea."

Hakuna aliyedhani anatania. Kwa hiyo ukabaki mto, na mto wenyewe ulibakiwa na vuli moja tu kabla haujafungwa.

Siku ile maji yalikuwa mazuri. Tulipita mikondo mikali mmoja baada ya mwingine, Kameji mbele akisukuma kasia kwa kiuno, akitaja miamba kwa majina kama mtu anayeita ng'ombe wake. Toyono alilowa mpaka kifuani. Alipogawa matonge ya wali yenye plamu za chumvi, Kameji alipokea la kwake bila neno, akala, kisha akauliza kama lipo jingine. Nikajua mambo ya mungu wa mlima yamekwisha.

Mbele kidogo tukafika kwenye Kina cha Tumbaku. Hapo mto ulikuwa unatulia, mweusi na mzito, chini ya ukuta wa jabali. Toka enzi za babu zao, watu wa vyelezo wakifika hapo huweka kasia chini, hukaa, huwasha kiko, na chelezo chenyewe hujipeleka mpaka mwisho wa kina. Ilikuwa kama sheria. Kameji akaweka kasia, akakaa, akawasha. Na mimi nikaweka la kwangu.

Chelezo kikapanda juu ya kifusi. Kilikwaruza kwa sauti mbaya, kikainama upande, kikatulia.

Kina hakikuwapo tena. Wajenzi wa barabara ya bwawa walikuwa wamesukumia mawe yao mtoni miezi yote ile, na mto ukagawanyika. Maji mengi yalipita upande wa pili, chini ya jabali, na sisi tulikwama kwenye kijito kisichofika magotini. Kameji alikaa vilevile, kiko mdomoni, akiangalia mahali alipopita maisha yake yote.

"Vuta tu, mzee," Toyono alimwambia. "Si umeshafika kwako?"

Kameji akakitupa kiko majini. Tukashuka, tukasukuma, tukatumia nguzo kama nyenzo. Boriti haikutikisika. Nikasema tukaazime wanaume kijiji cha karibu. Kameji akasema vijiji vya karibu vimeshahama. Kisha akaitazama ile nafasi mbele yetu, kati ya kifusi na ukingo, akazungumza polepole. Huko milimani, alisema, kwenye vijito visivyo na maji ya kubeba gogo, tunajenga kizuizi cha magogo na nyasi, maji yanajaa nyuma yake, kisha tunagonga gogo moja linaloshikilia mengine, na vyote vinashuka kwa kishindo. Yeye hajawahi kufanya hivyo mtoni. Lakini hiki kilichobaki hapa, alisema, si mto tena.

"Ila magogo tuliyo nayo ni nguzo zako. Zitakwenda."

"Mama hakutaja nguzo," Toyono akasema. "Alitaja boriti."

Akaanza kukata fito mwenyewe.

Tulifanya kazi mpaka vidole vikafa ganzi. Tulizilaza nguzo moja juu ya nyingine, tukaziba nyufa kwa majani na matope, na maji yalipoendelea kuvuja Toyono akaleta magodoro yake, hata lile la harusi lenye ndege korongo wa hariri, akalikanyagia mwenyewe matopeni kwa visigino. Maji yakaanza kupanda. Boriti tuliifunga na nguzo chache tulizozibakiza. Iliponyanyuka ncha moja, halafu ya pili, Kameji akatuambia tulale juu yake tuikumbatie. Yeye akaingia na nyundo ya mti, akagonga nguzo ya katikati mara kadhaa, ikachomoka, na maji yakamzoa yeye na nyundo yake: nilimshika ukosi alipokuwa anapita.

Nguzo zilitutangulia zikigongana na mawe, nyingine zikipasuka kama kuni. Boriti ilipita katikati yao.

Tulipofika Kakezuka, mume wa Toyono aliipapasa boriti kutoka ncha hadi ncha, kisha akauliza nguzo ziko wapi. Toyono akamwambia akatafute nyingine.

Mimi na Kameji tulirudi kwa treni na makasia yetu. Bibi Masue alikuwa kibandani. Hakutukaribisha chai.

"Imekatwa?"

"Haijakatwa," Kameji akasema. "Nguzo zako nimezipoteza. Nilikuwa nawasha kiko."

Bibi akachukua birika, akamwaga maji juu ya moto.

Nyumba ilijengwa kwa nguzo za kununua. Bibi Masue aliishi chini ya boriti ile miaka sita, akafa wakati wa baridi. Toyono na mumewe walilima vitunguu kwenye mchanga. Kameji alipata kazi ya ulinzi kwenye bwawa, akaiacha, akafa kwa mwanawe, mjini Iida. Bonde lilizama. Mchanga wa mto unakwama nyuma ya ukuta wa bwawa, na ufuko wa Kakezuka unaliwa na bahari kila mwaka. Mimi nilikwenda Hokkaido kukata miti.