Jirani Ameshasaini

Wizarani kila mtu alimjua Mwanasheria kwa mdomo wake. Kikao hakijaanza, yeye ameshajua nani kanuniana na mkewe na nani anahamishwa idara. Lakini siku hiyo umbea aliuweka kando, kidole kikiwa kwenye mkataba wa mtandao wa mawasiliano wa taifa, pale palipoandikwa kwamba nchi haitanunua mtambo wowote kutoka kwa hasimu wa taifa kubwa lililoleta mkataba. Miaka kumi na tano.

"Hiki kifungu kinatufunga mikono," alimnong'oneza Waziri. "Kesho hao mahasimu wao wakija na kitu bora na cha bei nafuu, sisi tutabaki kukodoa macho."

"Mama, si umesikia mwenyewe?" Waziri alijibu.

Alisikia. Mkuu wa ujumbe wa wageni alikuwa ameshawaambia: jirani yenu kasaini jana, na bei hii mwisho wake leo. Sasa alikuwa anafunga kompyuta yake taratibu, kama mtu mwenye ndege ya kuwahi.

"Nikiachwa nyuma na jirani," Waziri alisema, "bungeni watanitafuna mzima mzima."

Mwanasheria akaomba dakika chache. Kwenye ngazi akampigia shoga yake wa chuoni, ambaye sasa ni afisa katika wizara ya mawasiliano ya nchi hiyo hiyo ya jirani.

"Shoga, hongera. Nasikia mmesaini."

"Tumesaini nini? Sisi tumeambiwa mliosaini ni nyinyi. Bosi wangu hapa ana kalamu mkononi, jasho linamtoka."

"Mnyang'anye."

Wakacheka mpaka mlinzi akageuka. Kisha Mwanasheria akasema, "Mlete kwenye simu. Na mimi namleta wangu."

Mawaziri wawili wakaongea kwa simu, Waziri akiwa amesimama palepale ngazini. Aliporudi mezani hakugusa kalamu.

"Tutanunua pamoja na jirani, oda mbili kwa mpigo. Kifungu kitoke. Na nywila za kuingilia mitambo zikae kwa wahandisi wetu."

Mkuu wa ujumbe akatazama dari, akatoka kupiga simu kwao. Alirudi chai imeshapoa. Kifungu kitatoka, alisema. Ya nywila yatajadiliwa wiki ijayo, nchi zote mbili meza moja.

Wageni walipoondoka, Waziri alisogeza kiti.

"Wewe na huyo shoga yako, hamna wenzenu wa chuoni kwa majirani wale wengine?"

"Wapo, Mheshimiwa. Nitafutie chaja ya simu tu."