Siku Nzima Inaanzia Wapi

Kambi nzima ilimwita sajini yule Mpangaji. Programu ya kompyuta iliyowapangia askari zamu aliitengeneza yeye, kwa hiyo aliyejikuta lindoni siku ya sikukuu alijua wa kumlaani ni nani. Mkewe naye alimwita jina hilohilo, ila kwa maana nyingine.

"Kambini mpangaji, hapa nyumbani nako mpangaji," alimwambia. "Unakuja kulala, unaondoka. Bado kukudai kodi tu."

Hakuwa akimsingizia. Mke mwenyewe alikuwa koplo, nesi wa zahanati ya kambi. Mmoja akiingia, mwingine anatoka, na mtoto wanapokezana mlangoni kama walinzi wanaokabidhiana bunduki. Huyo mtoto, binti ambaye hata shule hajaanza, alikwisha kuzoea. Jua likielekea kuzama aliingia chumbani, akatoka amezikumbatia buti za yule ambaye zamu yake imefika, akaziweka mlangoni. Hakuwahi kukosea. Siku moja jirani alimuuliza wazazi wake wako wapi.

"Baba yuko lindo," alijibu. "Mama anakwenda kumpokea."

Nesi aliposimuliwa alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikamkauka.

"Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwaka," alimwambia mumewe. "Sisaini mwingine."

"Na kazi unaipenda."

"Naipenda sana. Lakini nilidhani pia nimeolewa."

Sajini aliwapanga watu wa kambi nzima, akashindwa kuwapanga wawili wa nyumbani kwake. Kanuni hazikumruhusu, na yeye hakuwa mtu wa kuchezea kanuni.

Halafu kanuni zenyewe zikabadilika.

Meja, mkuu wa kambi, alikuja mwenyewe hadi ofisini kwa Sajini. Ofisi hiyo zamani ilikuwa stoo ya silaha, na mpaka leo ilinuka mafuta ya bunduki. Feni yake ilifungwa kwa kamba ya kiatu isije ikamwangukia mtu kichwani. Meja aliitazama ile feni, akasogeza kiti pembeni ndipo akaketi.

"Kanuni za zamu zimerekebishwa," alisema. "Hapa, soma."

Sajini alisoma. Askari wawili waliooana watapewa siku moja nzima ya mapumziko ya pamoja kila wiki. Akairudia, midomo ikimcheza.

"Unacheka nini?"

"Sicheki, afande."

"Nataka programu yako ifuate kanuni hizi kabla ya wiki ijayo. Ikikushinda sema mapema, nirudi kwenye ubao na chaki."

Sajini alifanya kazi ile kama mtu anayejijengea nyumba. Aliifundisha mashine kutambua nani mke wa nani, ikawatafutia tarehe moja ambayo wote wawili hawana zamu, ikaifunga asiiguse mtu. Mwanzoni mashine ilimgomea, ikidai lango la kaskazini halina mlinzi. Akahamisha mmoja hapa, akasogeza mwingine pale, ikatulia. Makapera waliposikia walikuja juu.

"Kwa hiyo nchi tutailinda sisi peke yetu?"

"Oeni," mpishi wa kambi, mke wa dereva wa lori, aliwajibu huku akiwapakulia. "Nani kawazuia?"

Ratiba mpya ilipotoka, Nesi na mumewe waliangukia Jumapili. Sajini alimpelekea mkewe habari mbio mbio. Nesi alimwangalia jinsi anavyomwangalia mgonjwa anayeapa kwamba dawa amemeza.

"Nitaamini nikiiona," alisema.

Jumapili ikafika. Sajini alifagia, akachemsha chai, akamvisha binti gauni la njano. Walipanga kwenda kwenye uwanja wa nyuma ya kambi, wacheze mpira, watatu. Nesi aliingia alfajiri akitokea zahanati, alikokesha na askari aliyekuwa akitapika mfululizo. Alikaa kwenye kiti afungue kamba za buti. Alivua moja. Ya pili ilimshinda, usingizi ukambeba akiwa ameinama vilevile, mkono kwenye kamba.

Sajini alimvua ya pili, akamlaza. Mchana kutwa baba na mwana walinyata kama wezi. Gauni la njano lilicheza mpira peke yake uani, tena mpira wa matambara, usipige kelele.

Nesi alipozinduka jua lilikuwa limekwisha kuzama. Alitoka nje akipepesa macho, akamkuta mumewe anapiga pasi sare.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Langoni. Kuanzia saa sita usiku nina lindo. Saa sita ikigonga ni Jumatatu."

Pazia la chumbani likasogea. Binti akatoka na buti za baba yake kifuani, akaziweka mlangoni, akarudi ndani. Wazazi wake walizitazama zile buti.

"Kwa hiyo ile siku nzima ndiyo hii," Nesi alisema taratibu.

"Kwa mashine, ndiyo. Leo hakuna aliyekuwa na..."

"Kwa mashine? Basi ikuoe mashine."

"Mke wangu, tarehe inaanza saa sita usiku. Lindo lako lilianza Jumamosi jioni, mashine imeliandika Jumamosi."

"Wewe, mama yako akikwambia usiku wa Jumapili, anasema usiku upi?"

Pasi ya Sajini ilisimama ilipo. Mama yake angesema ule unaoamkia Jumapili. Watu wote husema usiku wa kuamkia. Usiku ndio unaoibeba siku, siku haizuki tu. Mashine ilikuwa imemkata mkewe usiku wake, ikamtupia mabaki ya mchana na kuyaita siku nzima.

"Pasi," Nesi alisema.

Suruali ilikuwa inatoa moshi.

Kesho yake aliingia kwa Meja na suruali yenye alama ya pasi pajani, akaeleza. Meja alimsikiliza, kalamu ikigonga meza.

"Kanuni inasema siku. Siku inaanza saa sita usiku, dunia nzima. Halafu wewe na mkeo mmo humo humo. Ukibadilisha, watasema umejipikia na umejipakulia mwenyewe."

"Basi mimi na mke wangu tuache, afande. Waanze wengine. Mpishi naye na dereva wake yamewakuta haya haya."

"Mkeo atakubali?"

"Hatakubali. Lakini programu itakuwa sawa."

Meja alitaka kujibu, simu ikalia. Ilikuwa makao makuu, wanaulizia ziara yake huko.

"Ndiyo, nakuja," Meja alisema. "Nitaingia huko usiku wa kuamkia Alhamisi, kwa hiyo Alhamisi yote mnayo..."

Akakwama. Macho yake yakapanda polepole mpaka kwa Sajini, ambaye alikuwa anaitazama dari kwa bidii kubwa.

"Usicheke," Meja alisema alipoweka simu.

"Sicheki, afande."

"Unacheka. Toka. Hapana, kaa." Akanyanyua simu tena, akampigia kapteni wa sheria, mwanamke aliyeandika marekebisho yale, na akaiweka sauti wazi ili wote wasikie. Akamuuliza siku nzima inaanzia wapi.

Kapteni aliguna. "Jamani! Nilipoandika siku nzima nilitaka mtu alale kwake na aamkie kwake. Magharibi mpaka magharibi. Sikuandika kwa sababu sikudhani kuna atakayeuliza."

"Ameuliza nesi," Meja alisema.

"Basi mwambie nesi ana haki yake. Ufafanuzi nautuma leo, kwa kambi zote."

Sajini alirudi stoo kwake akipiga mluzi. Aliiambia mashine kwamba kwa mapumziko ya wanandoa siku huanza jua linapozama. Makapera nao akawawekea mapumziko yao mfululizo yasikatwekatwe, maana walikuwa wameanza kumnunia hata kwenye salamu. Kabla hajaiachia ratiba alimwita mpishi na mumewe waijaribu kwanza. Skrini iliandika: lindo, usiku wa Jumatatu.

"Nimeelewa," dereva alisema. "Jumatatu nikishakula cha jioni, naenda."

"Unaenda wapi na lindo limeshapita?" mkewe akamshangaa. "Usiku wa Jumatatu ni Jumapili hiyo jioni."

"Ni Jumatatu."

"Ni Jumapili, mwanamume mbishi wewe!"

Jasho lilimtoka Sajini. Angewaachia hivyo, lango lingebaki wazi usiku kucha, na yeye angebaki na tepe ngapi mkononi Mungu ndiye ajuaye. Alifuta, akaandika upya, kila zamu ya usiku, bila kuonea aibu urefu wake: usiku wa kuamkia Jumatatu. Akawageuzia skrini. Wote wawili walitaja jioni ile ile, kisha wakaendelea kugombana kuhusu jambo jingine.

Jumamosi iliyofuata, Sajini na Nesi walitoka kazini pamoja jua likiwa bado lipo. Njia nzima Nesi alikuwa akigeuka nyuma, kana kwamba atatokea mtu mbio kumwita. Hakutokea. Walimchukua binti kwa jirani, wakakoka jiko, wakamenya viazi, ganda moja refu likamning'inia Sajini sikioni akawa anaringa nalo.

Magharibi ilipoingia binti alichomoka akaenda chumbani. Alikawia. Alipotoka alikuwa amebeba buti ya baba mkono mmoja, ya mama mkono wa pili, na uso wote ni swali.

"Nani anaondoka?"

"Hakuna," Nesi alisema.

"Leo nani lindo?"

"Leo mimi nimo, baba yako yumo. Zirudishe, mwanangu."

Mtoto hakuamini. Alimwangalia baba yake, mwenye cheo.

"Umesikia amri ya koplo," Sajini alisema. "Zirudishe."

Akazirudisha. Nesi aliendelea kumenya, halafu bila kuinua macho akasema, "Mwisho wa mwaka nitakuwa na karatasi ya kusaini. Unikumbushe kununua kalamu. Na leo sikuiti Mpangaji."

"Utaniita nani?"

"Mwenye nyumba. Kwa leo tu, usivimbe kichwa."

Asubuhi ya Jumapili Nesi aliamka kabla ya wote, amelala akatosheka, akataka kwenda kuchota maji. Buti zake hazipo. Za mumewe hazipo. Walipekua chini ya kiti, nyuma ya mlango, mpaka kwenye pipa la unga. Mwishowe Sajini akalifunua shuka la binti. Alikuwa amelala fofofo, jozi zote mbili amezikumbatia, kamba za buti za baba na za mama amezifunga pamoja kwa fundo ambalo hakuna jeshi lingeweza kulifungua.

"Tumfungue?" Sajini alinong'ona.

"Acha," Nesi alisema, akatoka kwenda bombani miguu mitupu.