Shingo ya Kaisari

Barua ya jeshi ilikuwa fupi: Kaisari kafa, mwingine kapatikana, dinari zake zianze kutoka kabla ya mwezi kuandama. Sura yake ikoje, barua haikusema.

"Sasa nimchonge nani?" Eutiko, mtumwa mchongaji, aliuliza, chuma cha kupigia sarafu chapa kikiwa kitupu mkononi.

"Mchonge Kaisari," alijibu Pothino, bwana wake na msimamizi wa karakana ya sarafu ya Lugduno. "Akikubalika, nakuacha huru. Asipokubalika, nakuuza machimboni."

Eutiko akaazima pua ya marehemu. Akaongeza ndevu, maana wanajeshi siku hizi wanazipenda. Shingo ndiyo iliyomshinda, hadi alipomtazama Marulo, mpiga nyundo, mtumwa mwenzake, shingo kama gogo la mzeituni.

"Usigeuke."

"Unanichonga mimi? Una wazimu!"

"Shingo tu, bwana wee."

"Basi usiipunje. Mama aliisifia sana hii."

Sarafu ya kwanza ilipotoka, Marulo aliicheka mpaka nyundo ikamponyoka. Watu wa tanuri wakaja mbio, wakamwinamia mmoja mmoja.

"Salamu, Kaisari!"

"Kaisari, jana umenimalizia maharage yangu!"

Eutiko naye alicheka, huku akiuchungulia mlango.

Mara wakatawanyika. Pothino alikuwa mlangoni na ofisa wa jeshi, mwenye vumbi la safari hadi kwenye kope.

"Mheshimiwa huyu anamfahamu Kaisari," Pothino alisema.

Ofisa akaigeuza dinari juani. Marulo akajivuta polepole nyuma ya nguzo, akajifunga kitambaa shingoni.

"Pua, sijui. Ndevu, sijui."

"Lakini si umemwona, mheshimiwa?" Pothino aliuliza.

"Nimetembea nyuma yake miezi minane! Shingo yake naijua kuliko ya mke wangu." Akaisogeza sarafu machoni. "Na ndiyo hii! Mpaka kunjo la pili! Nani kakuelekeza?"

"Nimebahatisha tu, mheshimiwa," Eutiko alijibu.

Nyuma ya nguzo mtu alipiga chafya, au kitu kinachofanana na chafya.

Kesho yake hakimu akamgusa Eutiko kwa fimbo kumtangaza huru, na kofia ya watu huru ikakaa juu ya kichwa chake kilichonyolewa. Akarudi karakanani. Akatoka mlangoni, hakuna aliyemfokea. Akaingia. Akatoka tena, akaingia.

"We Eutiko, amua!" Marulo alipiga kelele. "Unatuingizia upepo kwenye tanuri!"

"Natoka, mpumbavu wewe," Eutiko alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Natoka nikatafute pesa za kukununua."