Lori Lililopanda Mlima Mmoja

Fundi alichomoa plagi ya mwisho, akaifuta kwa kitambaa, akaitazama mwangani. Ilikuwa kavu, rangi ya chai ya maziwa, kama plagi inavyotakiwa kuwa. Akairudisha. Chujio la hewa alishalipuliza, kabureta alishaiosha kwa petroli, pampu ya mafuta ilikuwa mpya. Hata hivyo lori lile dogo, lenye umri mkubwa kuliko dereva wake, likifika mlima wa sokoni lilikohoa, likaishiwa nguvu, likazimika.

"Ubovu uko kwenye mguu wa huyu," alisema mwenye lori, akimwonyesha dereva kwa kidevu. Alikuwa baba mdogo wa dereva. Gereji nzima ilimwita Tajiri. "Likizimika tena, funguo nampa mwingine."

"Baba mdogo, naliendesha kama siku zote."

"Siku zote lilikuwa linapanda."

 Chumba alicholala dereva kilikuwa cha baba mdogo pia. Funguo zikienda, na kitanda kinakwenda.

Fundi alisema injini haipimwi imesimama. Wakapanda wote watatu, magunia ya vitunguu yakiwa nyuma, fundi akashika usukani. Kuelekea sokoni lilikohoa. Kuelekea stendi lilikohoa. Akakata kona kuingia barabara ya hospitali, na hapo lori likachangamka kama limetua mzigo. Mlima wa huko ni mkali kushinda wa sokoni. Lilipanda bila kuomba gia ndogo, likasimama lenyewe mbele ya wodi ya wazazi.

Mlango wa abiria ukafunguka, ukakaa wazi kwa muda wa mtu mzito kushuka. Tajiri, aliyekaa upande huo, alibana magoti kupisha.

"Taratibu," dereva alisema. "Hicho cha kukanyagia kimelegea."

Mlango ukajifunga. Fundi alirudia safari hiyo, maana kazi ni kazi. Ikawa vilevile, na mlango vilevile.

"Limeanza lini?" aliuliza.

"Tangu msiba," dereva alijibu.

Mke wake alishikwa na uchungu alfajiri, vitunguu vikiwa vimeshapakiwa. Dereva aliomba lori. Baba mdogo alisema wateja hawangoji, ashushe kwanza ndipo arudi kumchukua. Dereva alishusha magunia peke yake, mbio, hata wapagazi wakamcheka. Aliporudi, majirani walikuwa wameshamfunika mkewe kwa shuka, na mtoto tumboni alikuwa ametulia.

"Basi ndiyo hiyo," fundi alisema, akipangusa mikono. "Linampeleka. Hapo hakuna spea ya kubadilisha, Tajiri."

Tajiri alifikiri kidogo. "Kwa njia hii litabeba tani nzima?"

"Hata na nusu juu."

Haikuchukua muda Tajiri akapata kazi ya kupeleka unga na kuni jikoni mwa hospitali. Wakati wa kurudi, likiwa tupu, lori lilijikongoja na kupiga chafya, lakini kurudi hakukuwa na mteja wa kulalamika. "Mkwe wetu alikuwa mtu wa kujituma," Tajiri aliwaambia watu gereji. "Mpaka leo anatusaidia." Watu wakaitikia kwamba kweli, alikuwa hivyo.

Dereva alibaki na funguo. Kila asubuhi mbele ya wodi alingoja mlango ufunguke na kujifunga, kisha akazunguka nyuma, jikoni, kushusha unga.

Asubuhi moja, chini ya mlima wa hospitali, mwanamke alisimama katikati ya barabara akiwa amemshika mdogo wake kwapani. Mdogo mtu alikuwa ameinama, mikono miwili chini ya tumbo.

"Kaka, tusaidie. Hapo juu tu."

Dereva alikanyaga breki. Tajiri akatoa kichwa dirishani.

"Dada yangu, hili ni gari la mizigo, na jikoni wanasubiri unga. Tukishusha tutawarudia."

"Baba mdogo," alisema dereva.

Tajiri hakugombana. Alikunjua kiganja tu juu ya mapaja ya dereva, kama mtu anayeomba arudishiwe kitu chake.

Dereva akaondoa mguu kwenye breki, akawapita kwa pembeni. Katika kioo aliwaona wale wawili wakipanda kwa miguu, wakisimama kila uchungu ulipokuja, na lori, kwa nguvu zake zote, likazidi kuwaacha.