Mechi ya Ugenini

Jumamosi za mpira Verlin Kucera alikuwa na masharti matatu. Usisimame mbele ya televisheni. Usimsifu mpinzani. Na usimuulize kwa nini mzee mzima aliyehamia Meksiko kufuata jua anafunga mapazia mchana kutwa kuwatazama vijana wa chuo, huko kwao Nebraska, wakigongana vichwa kwa ajili ya mpira wenye umbo la papai.

Jirani yake Duane Purifoy aliyavunja masharti yote matatu kila wiki, na kila wiki akarudi. Alikuwa mstaafu kama Verlin, mmoja wa wazee wengi wa Kimarekani waliojaa kando ya ziwa la Chapala, ila yeye alitoka Georgia, ambako wanaamini mpira ulizaliwa kwao na wengine wameuazima tu. Siku hiyo alikuja na bia zake, akakuta Verlin amepika maharage ya pilipili na kuoka mikate mitamu ya mdalasini ya kulia maharage hayo, kama wafanyavyo watu wa Nebraska.

"Maharage na keki," Duane alisema, akichungulia sufuria. "Nyie nani aliwaloga?"

"Kula au toka."

"Nakula. Sijasema sili."

Timu ya Verlin ilikuwa Fahali wa Tarkey, timu ya chuo cha mji wake. Haikuwa timu kubwa. Kwao Marekani televisheni hugawa mechi kwa maeneo: watu wa Nebraska huonyeshwa za kwao, watu wa Georgia za kwao, na aliye nje ya nchi hupewa makombo, yaani zile timu kubwa zinazojulikana hadi mbinguni. Kuwaona Fahali ilikuwa lazima uwe Tarkey. Kwa hiyo Verlin alikuwa Tarkey, kwa njia ya kisanduku. Binti yake Tonya alikiweka kwenye nyumba ya baba yake, akakiunganisha na antena ya pale darini, nacho kikarusha chaneli za mji ule kwa intaneti mpaka Meksiko, na matangazo yake yote: muuza mbegu za mahindi, fundi wa mabomba, na yule mwenye kampuni ya mazishi anayetabasamu kupita kiasi. Verlin aliyapenda hata hayo matangazo. Alimsalimia mzishi kwa jina.

Nyumba yenyewe aliijenga kwa mikono yake, yeye na marehemu mkewe Luella, mitaa michache kutoka uwanjani. Fahali wakifunga nyumbani, kelele za mashabiki ziliingia hadi jikoni, na Luella alikuwa akifungua dirisha hata siku za barafu ili ziingie vizuri. Alifia katika nyumba hiyo. Kisha mapafu ya Verlin yakaanza kugombana na baridi, daktari akamwambia apumzike kusini kipindi kimoja cha baridi, na kipindi kimoja kikazaa vingine. Ila hakuwahi kuhama moyoni. Machi narudi, alimwambia kila mtu, na safari hii alikuwa amekwisha kukata tiketi. Hakuwa na ombi jingine hapa duniani zaidi ya kufia chumba kile alichofia Luella.

Funguo alimwachia Tonya, mwanawe wa pekee. Alipolazwa kwa kifua mwaka uliopita alimtilia saini na hati ya uwakili, ya kutenda lolote la nyumba kwa jina lake, asije akasumbuka na kodi ya ardhi na mafundi. Angempa nani mwingine? Na Tonya hakuwa mtoto wa kulalamikiwa. Kila Jumamosi alipiga simu, na mechi ikiwa nyumbani alimsimulia baba yake jinsi kelele zinavyoingia jikoni. Mzee alikuwa akifumba macho kusikiliza.

Siku hiyo Verlin aliwasha televisheni na hakuwakuta Fahali. Palikuwa na timu mbili asizozijua, moja ya bluu, moja ya machungwa.

"Hao Tennessee," Duane alisema. "Afadhali. Leo tutaona mpira."

"Nyamaza."

Verlin alibadilisha chaneli, akarudi, akakizima kisanduku na kukiwasha tena. Yakaja matangazo. Hakuwapo muuza mbegu wala mzishi. Alikuwapo wakili mwenye kofia ya wachunga ng'ombe aliyeahidi kuwakomesha madereva wa malori, na mgahawa wa kambare wa kukaanga. Kisha mwanamke wa hali ya hewa akatahadharisha juu ya mvua kubwa katika wilaya ambazo Verlin hakuwahi kuzisikia tangu azaliwe, naye alizijua wilaya zote za Nebraska, tisini na ushee, alizikariri shuleni kwa fimbo.

Mtu akipenda kuamini hakosi sababu. Verlin alisema labda antena imegeuzwa na upepo. Duane akamwambia kwamba upepo wa kugeuza antena kutoka Nebraska hadi Tennessee ungekuwa umeondoka na nyumba. Wakacheka wote wawili, na simu ikaita.

"Baba, hujambo? Umekula?"

"Nimekula. Tonya, hicho kisanduku kimepatwa na nini?"

"Hakijapatwa na kitu. Kiko palepale sebuleni, juu ya kabati la mama. Nakiona kinawaka taa."

"Na wewe uko wapi?"

"Jikoni, baba. Nimefungua dirisha kama unavyopenda. Leo kelele ni balaa, nakwambia. Mpaka vikombe vinatetemeka."

Verlin alimtazama Duane, aliyekuwa akichovya mkate wa mdalasini kwenye maharage kwa siri, akidhani haonekani. Akatazama televisheni.

"Tonya," alisema. "Leo tunacheza ugenini. Fahali wako Wyoming."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini aliyemfuata njia nzima ndiye anayeumia akifika mwisho wake.

"Labda ni redio ya jirani," Tonya alisema.

"Jirani gani?"

Tonya akaanza kulia, taratibu, kama alivyokuwa akilia utotoni akivunja kitu.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Knoxville, Tennessee. Nimepata kazi huku. Nimehamia wiki iliyopita tu, baba, nilitaka kukwambia nikishatulia. Kisanduku nilikibeba ili usikose mechi zako. Sikujua kitabadilika."

"Na nyumba umemwachia nani?"

"Baba, ile nyumba ilikuwa inavuja. Kuta zilikuwa zimeanza kuoza. Na wewe kila mwaka unasema Machi, Machi ikifika huji."

"Nimekuuliza nyumba."

"Niliiuza. Mwezi wa nne."

Verlin alikaa kitako. Mwezi wa nne. Basi msimu mzima huu, tangu Septemba, kila mechi ya nyumbani, alikuwa amefumba macho akisikilizishwa kelele za jikoni ambako mtoto huyu hakuwako.

"Ulikuwa unanipigia kutoka wapi?"

"Nilipanga chumba upande wa barabara kuu. Kule huwezi kusikia kitu." Alivuta kamasi. "Nilikuwa nakutungia. Ulikuwa unafurahi sana, baba, ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ungekufa."

"Ningekufa nikijua pa kufia." Sauti yake ilipanda mpaka Duane akaweka sahani chini. "Kalamu nilikupa mimi. Saini niliitia mimi, kitandani, mirija puani, nikasema huyu ni damu yangu. Mama yako alifia mle ndani, Tonya. Aliyenunua ni nani? Nitazungumza naye."

"Hakuna wa kuzungumza naye. Ni kampuni. Waliibomoa, baba. Wameweka lami. Watu wanaegesha magari siku za mechi."

Verlin alikata simu. Alipeleka sufuria jikoni, akaosha vyombo ambavyo mwenzake alikuwa bado anavilia, na Duane, mtu asiyejua kunyamaza, akakaa na bia yake bila neno mpaka jua likashuka. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga; hawakusema nguo hiyo utaivuaje, ikiwa ni mwanao.

Jumamosi iliyofuata Fahali walicheza nyumbani na timu kubwa, kwa hiyo mechi ikaonyeshwa nchi nzima na hata kwa watu wa nje. Wakaitazama kwa Duane. Kabla ya kuanza, kamera ya angani ikauzunguka mji wa Tarkey taratibu, uwanja umejaa wekundu wa Fahali mpaka mdomoni.

"Kwenu wapi hapo?" Duane aliuliza, kisha akajuta.

Verlin aliinuka, akaenda kwenye kioo cha televisheni, akafuata mtaa kwa kidole. Palikuwa na magari mengi mekundu, bendera zinapepea, watu wanachoma soseji na kurushiana mpira kwa furaha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyefanya kosa lolote.

"Hapa ndipo jikoni," alisema.

Picha ikahamia uwanjani. Akarudi kukaa. Simu yake ikaita mfukoni, akaitoa, akaangalia jina, akailaza gotini ikiendelea kuita.

"Ni mwanao," Duane alisema. "Pokea, mzee mwenzangu. Mtoto ni mtoto."

"Nikipokea nitamuuliza kama hajambo."

"Si umuulize?"

"Ataniambia hajambo," Verlin alisema. "Nami sitajua kama ni kweli."